Gari la Fundi Ambalo Sikulinunua

Alisikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua. Alikuwa na ufito wa chuma wenye urefu wa mkono, ncha moja aliigusisha kwenye injini inayonguruma, ncha nyingine akaiweka nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Watu waliomzunguka walinyamaza bila kuambiwa. Akimaliza aliufuta ule ufito kwa tambara, akasema neno moja au mawili. "Silinda ya tatu." Au, "Hili bado lina nguvu." Na kama gari lilikuwa limekwisha kabisa, alimgeukia aliyelileta akamwambia, "Pole."

Mjini Shinyanga mafundi walikuwa wengi, wa cherehani, wa viatu, wa nyumba, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno ilijulikana ni yeye. Kwao ni Ujiji. Zaidi ya hapo hakupenda kuulizwa, nami sikuuliza. Alikuja kwetu muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akitokea mgodini Geita, akajenga karakana yake karibu na kinu cha pamba: nguzo nne, paa la bati, na shimo la kuingia chini ya magari.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa nguo. Nilifunga kanga na kaniki nyuma ya baiskeli nikazunguka nazo minadani, leo Didia, kesho kutwa Kishapu. Baiskeli iliyobebeshwa hivyo haikosi kuvunjika, na kila ilipovunjika niliipeleka kwa Fundi. Ndivyo tulivyozoeana. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi na mitano hivi, kwa hiyo sikuacha kumwamkia shikamoo, hata tulipokuwa marafiki wa kula sahani moja.

Ukali wake ulijulikana. Mtu akimletea gari alilolikimbiza bila maji alimtukana mbele ya watu, awe nani, kisha akainama akaligusa lile gari taratibu, kama anamwomba radhi mnyama aliyepigwa. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa akicheka na kusema, "Mimi nikiungua mkono ananiuliza sufuria imepona." Lakini mkewe huyohuyo ndiye aliyechotewa maji na mumewe kila asubuhi, mbele ya wanaume wenzake, jambo ambalo kwetu wakati ule lilikuwa la kuchekwa. Fundi alibeba ndoo zake mbili, akasalimia kila aliyemcheka.

Aliogopa ng'ombe. Mtu anayeishi Usukumani akaogopa ng'ombe! Siku za mnada, kundi likipita karibu na karakana, alipanda juu ya boneti ya gari lolote lililokuwapo akakaa hukohuko, miguu ameikunja, mpaka vumbi litulie. Wachungaji walilijua hilo, na wengine walilipitisha kundi pale kwa makusudi.

Na alipenda sukari guru. Kipande hakikukosekana mfukoni mwake, kimezungushiwa karatasi yenye mafuta ya gari, akakitafuna pamoja na yale mafuta.

Lakini watu walimheshimu kwa jambo jingine. Hakuwa akisema uongo juu ya mashine. Kule mgodini alikuwa mwangalizi wa winchi, ile mashine ya kuwateremsha wachimbaji shimoni na kuwapandisha. Siku moja aliukagua waya wake akaona nyuzi zimeanza kukatika, akakataa kuiwasha. Mzungu msimamizi alimwambia awashe. Akakataa. Akaambiwa aondoke, akachukua kofia yake akaondoka, akawekwa mtu mwingine. Waya ulikatika baada ya siku chache, kwa bahati ile ndoo ya kupandia watu ikiwa na mawe tu. Walimwita arudi, akarudi, na mtu aliyenisimulia habari hizi, mchimbaji wa Kisumbwa aliyekuwa shimoni miaka hiyo, aliniambia hakumsikia hata mara moja akisema, "Niliwaambia."

Hata Shinyanga alikuwa vilevile. Mwenye duka mmoja alitaka kumwuzia mnunuzi wa pamba lori lake, wakakutana karakanani. Mwenye duka alikuwa amemwandaa Fundi mapema kwa maneno matamu. Fundi akasikiliza, akafuta ufito wake, akamwambia mnunuzi, "Injini hii imefungwa juzi kwa vipande vya injini tatu. Mwenyewe anajua." Mwenye duka hakumletea kazi tena mwaka mzima.

Nilimwuliza siku ile, "Fundi, huoni umejiharibia?"

"Baba Rahel," akasema, "mwenye gari usimwulize habari za gari lake. Atakwambia anachotaka kiwe kweli. Lala chini, tazama chini yake. Kule hakuna aliyejipamba."

Na alinifundisha kutazama. Nikiwa na nafasi aliniteremsha shimoni pamoja naye, akanionyesha breki, springi, na vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima, wenyewe wanaviita chesisi. "Hii ikikatika," alisema, "hakuna dereva. Mwenye usukani na mwenye kuku nyuma wote ni mizigo."

Yeye mwenyewe alikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la mizigo, limejengewa bodi ya mbao nyuma, alilolinunua likiwa mabaki, limelala porini njia ya Geita. Alilifufua kwa miaka miwili. Alinifundisha kuendesha kwa gari hilo, kwenye uwanja wa mnada siku zisizo za mnada, na nilipofanikiwa kuzunguka uwanja bila kulizima alicheka mpaka akatoa machozi. Nilianza kuota nina gari kama lile, nimejaza nguo, naingia nalo kwenye kambi za wachimbaji ambako baiskeli yangu haikuweza kufika.

Kisha Mama Zuhura akaanza kuumwa tumbo. Lilianza kama maumivu ya kawaida, likawa uvimbe. Walikwenda zahanati, wakaenda kwa waganga wawili, mwisho wakaambiwa wampeleke Mwanza akapasuliwe. Fundi alikuja kibandani kwangu sokoni mchana mmoja, hakukaa.

"Ulikuwa unalitaka gari," akasema.

"Nilikuwa nalitaka. Bado nalitaka."

"Basi njoo ulitazame. Nakupa wewe kabla ya mtu mwingine."

Nilimweleza mke wangu usiku uleule uamuzi ulivyo mgumu, maana ingebidi tuuze ng'ombe wake wote. Mama Rahel hakubishana. Aliuliza tu, "Linauzwa na nani?" Nikamjibu. "Basi," akasema, "akiwa ni yeye, mimi sina neno."

Nilikwenda asubuhi. Gari lilikuwa limeoshwa, mbao zimepakwa mafuta. Fundi aliliwasha, lilinguruma vizuri, akanipa ufito nikasikiliza mwenyewe. Halafu Mama Zuhura akaita kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyezuia kilio kwa muda mrefu, na Fundi akaenda kumgeuza. Nikabaki peke yangu. Sikuwa na nia mbaya wala shaka yoyote. Nilifanya alivyonifundisha: nikatandika gunia, nikalala chini, nikaingia chini ya gari.

Chesisi yote ilikuwa na kutu ya siku nyingi na tope lililokauka. Ila sehemu moja, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, palikuwa peusi, panang'aa. Nikapagusa. Rangi ikabaki kidoleni. Nikakwangua kwa ukucha nikaona chuma kimechomelewa, na pembeni mwa mchomeleo, mstari mwembamba kama unywele ukiendelea mbele. Kilikuwa kimekatika, kikaungwa, na kilikuwa kinakatika tena.

Nilitoka, nikakung'uta gunia, nikafuta kidole kwenye kaptura. Fundi aliporudi nilimwangalia usoni naye akaniangalia, na ilikuwa kama mmoja wetu anatakiwa kusema neno.

"Mama Rahel bado anasita," nikasema. "Ni ng'ombe wake."

"Sawa," akasema. "Mwanamke akisita, msikilize."

Hakuniita Baba Rahel. Alichukua tambara akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nadhani niliona haya kwa niaba yake. Mtu ambaye hajawahi kudanganya ukimkamata na uongo wake wa kwanza, tena mkewe analia ndani, unamwambiaje? Nilijiambia kwamba kutonunua kunatosha. Mimi sikununua, basi.

Baada ya wiki moja alinijia Masanja. Alikuwa kijana wa upande wa Kishapu, mteja wangu mnadani, mcheshi, mwenye wake wawili na tamaa ya maendeleo. Baba yake alikuwa amefariki na kumwachia ng'ombe.

"Mwanawane," akasema, "nasikia rafiki yako anauza gari. Wewe unalijua, umeliendesha. Unalionaje?"

Soko lilikuwa limejaa, na kaka yake mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake. Nilikuwa nampimia mama mmoja kaniki, nikaendelea kupima.

"Fundi ni mtu mwaminifu," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli, na Masanja hakuuliza zaidi. Aliuza ng'ombe, akalinunua. Fundi akampeleka mkewe Mwanza kwa treni. Akarudi peke yake. Mama Zuhura alikufa kabla hajapasuliwa.

Gari lilikaa kwa Masanja miezi minne, kiangazi chote. Lilibeba pamba, likabeba watu kwenda minadani, na kila nilipoliona likipita salama nilipumua. Nilianza kuamini kwamba mstari ule ulikuwa mkwaruzo tu. Siku moja ya mnada, katikati ya asubuhi, likiteremka kwenye kijito kikavu na watu tisa nyuma, chesisi ikakatika. Gari lilijikunja, likapinduka kwenye mawe. Masanja alikufa palepale, na wanawake wawili waliokuwa wanapeleka vyungu mnadani. Mwingine alikatwa mguu.

Kwenye mazishi nilikuwapo, Fundi pia alikuwapo. Alikuja kwa miguu kutoka mjini, safari ya siku nzima. Alishika jembe akafukia kwa nguvu kuliko ndugu wa marehemu. Hakuna aliyemtazama vibaya. Walimpa pole! Walisema amefiwa na mke na sasa amefiwa na gari.

Maana lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Masanja alikuwa na shangazi mzee, mjane, aliyerudi kuishi kwenye boma la kaka yake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kikavu. Siku Masanja alipouza ng'ombe, mama yule alisimama uani akasema mbele ya watu, "Umewageuza ng'ombe wa baba yako kuwa chuma. Chuma hicho kitakumaliza." Alisema kwa uchungu, kama shangazi yeyote angesema. Sasa maneno yake yalirudiwa kila nyumba, na watu wakasema ni mchawi.

Habari zilipofika mjini kwamba ataitwa mbele ya wazee, Fundi alikuja kibandani kwangu.

"Panda baiskeli, twende."

"Tukafanye nini?"

"Kisukuma changu ni cha kununulia maziwa. Nitasema, wewe utatafsiri."

Sikuweza kukataa.

Wazee walikuwa wamekaa kivulini mwa ukuta wa boma. Shangazi alikaa chini peke yake, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani. Ndugu za Masanja walisimama nyuma na fimbo zao. Fundi alivua kofia, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, nami nikatafsiri neno kwa neno.

"Mama huyu hana kosa. Gari lilikuwa bovu. Chesisi ilikatika mikononi mwangu, nikaichomelea, nikajua haitadumu, nikapaka rangi. Nilitaka kumtibu mke wangu. Nimemwua Masanja mimi."

Nilisikia sauti yangu ikiyasema hayo kwa Kisukuma. Mkubwa wa wazee, mtu mpole, akajibu taratibu.

"Huyu amefiwa na mkewe, anatafuta adhabu. Tunamjua, hajawahi kumwuzia mtu kitu kibovu. Na hata kama chuma kilikuwa kibovu, kilikaa miezi minne. Kwa nini kikatike siku ile, na Masanja akiwa ndani?" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ni rafiki yake, na gari ulitaka kulinunua. Je, wewe uliona chuma hicho kimekatika?"

Nilimwona kaka mkubwa wa Masanja akisogea ili asikie. Yeye alikuwapo sokoni siku ile Masanja aliponiuliza. Nikisema niliona, swali linalofuata lilikuwa wazi.

"Sikuona," nikasema.

Fundi aliniuliza, "Wanasemaje?"

"Wanasema hawakuamini."

Siku ya tatu yake nyumba ya shangazi ilichomwa moto mchana, watu wakitazama. Alitoka mwenyewe, mkono mmoja umeungua kuanzia bega. Alitembea mpaka barabarani akakaa. Fundi ndiye aliyekwenda kumchukua, kwa mkokoteni wa punda wa kukodi. Alimpeleka zahanati, kisha kwake. Watu wa mji, walewale waliokuwa wakimletea magari, wakaanza kupita mbali na karakana. Mwisho wa mwaka akauza mabati yake, akahama na yule mama. Nilisikia wako Isaka. Sikwenda kumuaga.

Mimi nilipata gari baadaye, si kubwa, jipya kidogo. Kambi za wachimbaji nilizifikia. Nilifanikiwa, kama watu wanavyosema.

Ilipita miaka sita. Nilikwenda Isaka kupokea marobota yaliyoshushwa stesheni kimakosa, na nikiwa nasubiri karani afungue bohari nilimwona Fundi akitengeneza toroli la kubebea mizigo. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwendea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Aliendelea kukaza nati mpaka ikakazika. Kisha akakaa kwenye toroli. "Siku ile, yule mzee alikuuliza swali. Unakumbuka?"

Niligeukia mlango wa bohari.

"Mimi wakati ule sikujua alichouliza, wala ulichojibu. Lakini masikio yangu hayatupi sauti. Nililibeba lile neno lako moja. Sasa nimekaa na yule mama miaka sita, hajui Kiswahili, imebidi nijifunze lugha yake. Siku moja alikuwa anatafuta kisu chake, nikamwuliza kama amekiona, akanijibu neno lilelile, kwamba hakuona." Aliyasema bila hasira. "Ulilala chini ya gari?"

"Nililala."

"Ukaona?"

"Niliona, Fundi. Na Masanja aliniuliza kabla hajanunua."

Hilo hakulijua. Aliangalia mikono yake.

"Twende," akasema.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli. Mama yule alikuwa ukumbini, amekaa chini, anakata viazi vitamu vyembamba vya kuanika. Mkono wake ulioungua ulikuwa umekunjamana, anabania kiazi kwa goti. Nilimwamkia kama mama, kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Akaitika, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Kisha nikamweleza yote, ile rangi mbichi, swali la Masanja sokoni, swali la mzee, na jibu langu. Nilisema nimesimama. Kisu chake hakikusita hata mara moja.

Nilipomaliza aliuliza, "Umekuja kuniambia mimi?"

"Ndiyo, mayu."

"Mimi nilijua siku ileile kwamba sikumwua mtoto wa kaka yangu. Hukuona watu wengine wa kuwaambia?"

Siku mbili baadaye nilikwenda Kishapu. Yule mzee mpole alikuwa ameshafariki. Nilimkuta kaka mkubwa wa Masanja, nikamwambia akiwa na wanawe. Nilitegemea kupigwa, na nadhani nilitaka. Alinipeleka nyuma ya boma, pale ilipokuwa nyumba iliyochomwa. Walikuwa wamelima mtama, umekwisha kutoa masuke.

"Mwambie arudi," akasema, bila kunitazama. "Tutajenga."

Nilirudi Isaka na ujumbe huo. Niliwakuta palepale ukumbini, viazi vimetandazwa juani kwenye miamba. Nilimwambia mama kwamba wanamwita, watamjengea.

"Pale pana nini sasa?" akauliza.

"Wamepanda mtama."

"Umekubali?"

"Umekubali, mayu."

"Basi na waule."

Akachukua kiazi kingine. Fundi alivuta kigoda akakaa karibu naye, akachukua kisu chake, wakaendelea kukata. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, nikisubiri kuambiwa nikae. Sikuambiwa.